Cheti cha Boila na Jiwe la Mahenjera

Alhamisi, Lurambi. Mvua tangu alfajiri, na roho yangu imechafuka kuliko uwanja wa nje.

Daftari, leo nakuandikia nikiwa nimekalia sanduku la dawa, kwa sababu meza imejaa fomu. Ni tatu, zote zinauliza maswali yale yale, na karatasi ya kaboni hakuna. Karani wa ofisi ya wakaguzi amegonga mhuri mwekundu juu kabisa: zijazwe kwa mkono, nakala tatu, zisizofanana zitarudishwa. Nimezisoma mara mbili kisha nikazifunika kwa sahani, kama mtu anavyofunika mboga nzi wasiione.

 

Acha nianze mwanzo, ili siku nikilisoma tena daftari hili nisijidanganye kuhusu yaliyotokea.

Mimi ni mkunga wa nyumba hii ya uzazi. Wanawake wa Lurambi waliijenga kwa harambee: matofali wakayachoma wenyewe, mchanga wakaubeba vichwani kutoka mtoni, mabati yakaja moja moja. Ina vitanda sita, chumba cha kujifungulia, jiko, na kibanda cha boila kilichoegemea ukuta wa wodi. Boila yenyewe ni pipa la chuma lililosimama, limenizidi kimo kidogo tu. Chini linakula kuni, juu linatoa maji ya moto na mvuke wa kuchemshia vyombo. Lilikuwa la Mzungu mmoja wa Lugari aliyekuwa akilitumia kuoshea madebe ya maziwa. Alipouza shamba akarudi kwao, kamati yetu ikalichukua pamoja na mabomba yake. Siku lilipoletwa juu ya lori tulipiga vigelegele mpaka watu wa njiani wakauliza bibi harusi yuko wapi.

Nimekuwa mkunga miaka kumi na tisa. Miaka yote hiyo nimechemsha makasi kwenye sufuria ya uji, na nimemwogesha mama aliyejifungua kwa maji ya birika moja. Kwa hiyo asinicheke mtu nikisema nililipenda pipa lile.

Sasa sheria. Sheria inasema kila chombo kinachochemsha maji yakiwa yamefungiwa ndani, hata kiwe kidogo kama cha kwetu, lazima kiwe na cheti. Na cheti hakiji mpaka mkaguzi wa serikali aone bamba la kiwanda lenye namba, apime unene wa chuma, alinganishe geji, ile saa ya mshale inayopima nguvu ya mvuke, na geji yake mwenyewe, ajaribu valvu ya usalama, na asome kitabu cha chombo tangu kilipoanza kazi. Valvu ya usalama ni kile kimkono cha juu chenye uzito wake, ambacho hujiinua mvuke ukizidi ili utoke nje. Haya yote nayajua kwa moyo sasa. Nimesomewa neno kwa neno na mtu asiyepepesa macho.

Bila cheti, daktari wa wilaya amesema hatutalaza mama hata mmoja. Ametupa mpaka mwisho wa mwezi huu. Ukipita, mlango ufungwe, na wajawazito wa hapa watembee mpaka hospitali kubwa ya mjini, ambako wanalala wawili wawili, mmoja kichwa huku na mwenzake kichwa kule.

Na mwezi huu kwangu si mwezi wowote. Ayuma, mtoto wangu wa pekee, aliyeolewa Khwisero, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Amekuja tangu Jumapili na kikapu cha ndizi na matandiko yake mwenyewe, azalie mikononi mwangu. Nilimwahidi hivyo siku ya harusi yake. Nilimwahidi pia maji ya moto ya bomba, maana mimi nilipomzaa yeye niliogeshwa kwa maji baridi ya mtungi mwezi wa saba, na mpaka leo mgongo wangu unalikumbuka lile baridi.

Basi ndiyo maana nimekuwa na hasira tangu mwezi wa kwanza.

Mkaguzi mwenyewe anaitwa Bwana Rajabu. Tuliposikia Mzungu wa ukaguzi ameondoka na kiti chake amekikalia mtoto wa Mumias, mimi nilishukuru waziwazi kanisani. Nikasema huyu ni wetu, ataelewa. Mara ya kwanza alipokuja nikamwandalia ingokho. Tena kwa kuwa yeye ni Mwislamu, nilimtafuta muuza nguo mmoja wa dini yake amchinje yule kuku, mgeni asipate kisingizio. Akaja, akatoa salamu yake ya Kiislamu kwa heshima zote, akala, akanawa, akashukuru.

Kisha akaikataa boila.

Kosa lilikuwa rangi. Siku mheshimiwa mbunge wetu alipokuja kutufungulia nyumba, kamati iliona aibu boila ibaki na kutu ya mkoloni. Tukaipaka bendera. Nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, na mistari myeupe niliyoichora mimi mwenyewe kwa brashi ya kupakia viatu. Mheshimiwa alipigwa picha mbele yake. Lakini bamba la kiwanda tulilipaka pia, tena mara mbili ili ishike, na namba zote zikajaa rangi. Bwana Rajabu akatoa kisu akaanza kukwangua ule wekundu, na Senje akashika kichwa.

Senje ni mpishi wetu na mtunza moto wa boila. Ni shangazi wa mume wangu, na kwa vile senje kwetu ndiyo shangazi, nyumba nzima humwita hivyo, hata watu wasio jamaa. Alisimama pale mlangoni akamwuliza mgeni, "Mwanangu, unachuna bendera? Hiyo watu walifungwa kwa ajiri yake."

"Mvuke haujui kama tumepata uhuru, Mama," Bwana Rajabu akamjibu, na akaendelea kukwangua.

Maneno hayo yalinikaa kooni wiki nzima. Nilimwita Mzungu mweusi, si mbele yake.

Mara ya pili namba ilionekana, lakini kitabu hakikuwepo. Kitabu gani? Kitabu cha chombo. Nani anacho? Mwenyewe wa kwanza. Yuko wapi? Ng'ambo. Basi nikafunga safari mpaka Lugari kwenye mvua, kwenye lile shamba, ambalo sasa linalimwa na familia ya Wakristo wazuri kutoka upande wa Maragoli. Walinipokea kwa sala ndefu na obusuma, ugali wetu wa mtama. Kitabu hawakukijua. Nyumba ya maziwa sasa ni ghala la mahindi. Mama wa nyumba akanionyesha pale boila ilipokuwa imesimama: alama ya duara kwenye saruji, na juu yake, kwenye paa, bati moja jipya katikati ya mabati makuukuu. Nikamwambia wamefanya vizuri kuziba, mahindi yasilowe. Akasema wao walilikuta hivyo. Nikarudi na jogoo wa zawadi kwapani, bila kitabu.

Bwana Rajabu alipokuja mara ya tatu nikamweleza, hakunihurumia hata kwa kope. Alisema kama kitabu hakuna, atafanya majaribio yote upya mwenyewe, ataandika kitabu kipya, na kwa kazi hiyo atarudi. Mpaka hapo, boila isiwashwe. Aliiandika amri hiyo akaibandika kwenye mlango wa kibanda.

Tuliiwasha.

Hili la kwanza naliungama. Gari lake lilipopinda tu kona, Senje alinitazama, nami nikamtazama. Kulikuwa na mama mwenye pacha ndani. Nani angengoja? Nikaing'oa ile karatasi nikaiweka ndani yako wewe, daftari, iko hapa mpaka sasa; humo humo nilikuwa nimeweka barua niliyokuwa namwandikia mheshimiwa kumshtaki Bwana Rajabu. Barua ilikuwa imefika ukurasa wa tatu. Ilikuwa na maneno mazito. Nilisema anawatesa akina mama kwa sheria za watu waliokwisha ondoka.

La pili ni gumu zaidi.

Ile valvu, tangu siku ya kwanza kabisa tulipoiwasha boila, ilikuwa inatema. Maji yakianza tu kuchemka sawasawa, kimkono kinaanza kucheza, halafu ssss, mvuke wote unapotelea hewani. Wakati mwingine katikati ya kuchemsha vyombo, na kuni mpya inabidi zitiwe. Senje aliudhika. Kwake yeye, chungu kinachopoteza mvuke ni chungu kisichoiva, na yeye ana dawa yake ya tangu utotoni. Tunapika mahenjera huku kwetu, mahindi na maharagwe pamoja, na mahindi makavu ni magumu kama changarawe. Usipoweka jiwe juu ya kifuniko, utachochea kuanzia asubuhi mpaka jioni na bado yatakugonga meno. Kila jiko lina jiwe lake. La Senje ni jeusi, bapa, limelainika kwa miaka, amelirithi kwa mama mkwe wake.

Siku moja mwaka jana nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto wa mtu, mikono yote miwili, jasho linaniingia machoni. Senje akachungulia akasema, "Hii kitu inapoteza moto bule. Mimi napikanga mahenjera na jiwe. Niweke?"

Nikamwambia, "Weka chochote, mradi inyamaze!"

Akaliweka jiwe lake juu ya kimkono, akalifunga kwa kamba ya mkonge lisianguke. Boila ikanyamaza. Maji yakatoka ya moto kweli, tukasifu. Tangu siku hiyo jiwe limeishi kule juu, na mahenjera tumeyapika kwa tofali.

Lakini kila barua ya mkaguzi ilipokuja kusema tarehe fulani atafika, tulifanya kama watu wote wanavyofanya mgeni akija. Tulifagia, tulipaka sakafu kinyesi cha ng'ombe kule jikoni, tulifua mapazia, tulizima boila ikapoa ili tuifute masizi. Na mimi, kwa mdomo wangu, nilimwambia Senje atoe lile jiwe.

Mara tatu nilimwambia hivyo.

Bwana Rajabu alikuwa amesema atafanya majaribio kesho, Ijumaa. Kwa hiyo mpango wetu ulikuwa tuzime leo jioni, tufagie, tutoe jiwe. Lakini Ayuma alianza uchungu leo alfajiri. Nikampa kitanda cha ukutani, kile kinachogusana na kibanda cha boila. Hicho ndicho kitanda bora cha nyumba nzima. Matofali yake huwa na uvuguvugu, na mama akiegemeza mgongo pale uchungu unalegea. Kila mzazi hukiomba. Nilikuwa nimekihifadhi kwa ajili yake tangu Jumapili, nikimwambia kila anayekitaka kwamba kina kunguni.

Senje akachochea moto kuliko siku zote, maana huyu ni mjukuu wake pia. Saa tatu asubuhi bomba lilikuwa likitoa maji ambayo huwezi kuyagusa. Ayuma akaegemea ukuta, akafumba macho, akaniambia, "Mama, ulisema kweli."

Nilifurahi mpaka nikajipongeza mwenyewe.

Ndipo nikasikia landrova.

Alikuwa yeye, ndani ya koti la mvua la serikali, na sanduku lake la vyombo. Siku moja kabla. Nilimwendea mbio na mwavuli, nikimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: karibu mwanangu, umelowa, chai iko tayari, kaa kwanza jikoni upate moto. Akatoa salamu yake kamili, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za afya. Kisha akasema mto umeanza kumeza daraja, akaona aje leo kabla barabara haijakatika.

"Chai nitakunywa baadaye, Mama. Ule moshi ni wa nini?"

Nikasema ni wa jikoni. Daftari, moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la boila, mbele ya macho yetu wote wawili, mweusi, mnene.

Alinipita tu akafungua mlango wa kibanda. Nilimfuata huku nikitunga sababu. Nilikuwa nimeshika tatu nzuri kabisa: mama wa pacha, baridi, na binti yangu. Alisimama akitazama juu, lile jiwe na ile kamba ya mkonge na fundo la Senje. Nikangoja akemee, nikiwa tayari kumjibu. Nilitaka kabisa akemee.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Upande wa pili wa ukuta huu kuna mtu?"

"Binti yangu. Yuko katika uchungu."

"Mtoe, Mama. Mtoe sasa hivi, na mtu yeyote asipite upande huu."

Sijui ni nini kilikuwa kwenye sauti ile. Sikutoa hata sababu moja. Nilikimbia.

Tulimtoa Ayuma mimi na Senje, kwenye mvua, nimemkumbatia kifuani na Senje amembeba miguu, naye akilia kwamba tunampeleka wapi, ukuta ulikuwa mzuri, Mama, ukuta ulikuwa mzuri. Wodi haina mlango wa ndani wa kwenda jikoni. Inabidi uzunguke nje. Mara mbili tulisimama kwenye matope akishikwa na uchungu. Sijawahi kuona uwanja ule ukiwa mrefu hivyo.

Tulimlaza jikoni, juu ya magunia, kando ya mafiga. Nyuma yetu nilisikia chuma kikigongana. Bwana Rajabu alikuwa peke yake mle ndani, anatoa makaa kwa koleo na kuyatupa kwenye mvua. Baadaye alinieleza kwamba jiwe hakuligusa kwanza. Angelitoa kwa pupa, mvuke wote ungetoka kwa mkupuo. Alitoa moto, akafungua koki ndogo ya kutolea mvuke kidogo kidogo, akangoja. Katikati ya kungoja huko alifunga geji yake mwenyewe mahali pake, akaniita nikipata nafasi nije nione. Sikuwa na nafasi, lakini nilikwenda, hatua ishirini tu, huku Senje amemshika Ayuma mkono.

Geji yetu, ile ya Mzungu, mshale wake ulikuwa umetulia chini ya mstari mwekundu wa hatari, pale pale unapotuliaga kila siku. Ya kwake ilikuwa imeupita mstari. Hata baada ya moto kutolewa, hata baada ya koki kufunguliwa, bado ilikuwa imeupita.

"Hii yenu imekufa," akasema. "Valvu ilikuwa haitemi bure. Ndiyo peke yake iliyokuwa ikiwaambia kweli."

Nikalikumbuka lile bati la Lugari. Bati jipya, moja, juu kabisa ya alama ya duara, mahali ambapo pipa hili lilishawahi kutoboa paa. Na mimi nikasimama chini yake nikawasifu kwa kuziba.

Nilirudi jikoni. Ayuma alinihitaji, na kazi ikanishika, nashukuru. Mtoto alizaliwa saa saba na robo mchana, msichana, mzima, mwenye sauti kali. Sufuria ya mahenjera tuliiondoa motoni tukaweka ya maji. Mjukuu wangu ameogeshwa kwa maji ya birika moja, kama wote waliomtangulia. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukakataa, nikaingiza mkono kwenye daftari nikachomoa karatasi zilizokuwa karibu. Ilikuwa ile barua ya mheshimiwa. Iliwaka vizuri, kurasa zote tatu.

Bwana Rajabu alikuwa amesimama nje chini ya mchirizi wa bati, amelowa chapachapa, hakutaka kuingia mahali pa wanawake. Aliposikia kilio cha mtoto alisema, "Alhamdulillahi," kisha akarudi kibandani akafunga mlango wa moto wa boila kwa waya na kipande cha madini ya risasi chenye mhuri. Chai akanywa, akiwa amesimama. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya makaa. Nilimpaka dawa.

Kisha akatoa hizi fomu. Ilibidi nicheke, ingawa sikuwa na kicheko. Binadamu huyu ametuokoa roho, na hata koti halijakauka, tayari anasema nakala tatu.

Alinieleza kwamba boila bado inaweza kupata cheti. Chuma chake ni kizima. Inahitaji geji mpya na valvu isafishwe, na atakuja kupima tena. Kwa daktari wa wilaya ataandika kwamba tupewe muda, maji yachemshwe jikoni. Lakini lazima aeleze kilichotokea, na swali la tisa lazima lijibiwe na msimamizi: nani aliongeza uzito juu ya valvu ya usalama. Anayetajwa pale ataitwa mbele ya daktari wa wilaya. Anaweza kunyang'anywa kazi.

"Mimi nimeandika nilichokiona," akasema. "Jina sijaandika. Hilo ni lako, Mama."

Akaenda zake kabla daraja halijafunikwa.

Senje alikuwa amesikia yote. Alikuja akaketi hapa chini, miguu imenyooshwa, jiwe lake mapajani, akilifuta masizi kwa kanga. Akaniambia, "Andika mimi. Ni mimi nirifunga kamba. Mimi ni mzee, watanifanya nini? Wewe ukitolewa, nani atazalisha hawa watoto?"

Na huo ndio ukweli unaoniudhi zaidi ya yote ya leo, kwamba ana hoja. Mpishi ni rahisi kumpata. Mkunga si rahisi. Na kweli ni yeye aliyepanda juu akafunga lile fundo. Nikiandika Senje, sitakuwa nimesema uongo, na karani ataridhika, na Ayuma atapata kuzaa wa pili na wa tatu mikononi mwangu.

Nimekaa na wazo hilo tangu saa tisa mpaka sasa jua linakuchwa. Nimelizungusha kila upande. Nimejitetea: sikusomea boila, nimesomea uzazi. Nimemlaumu Mzungu na geji yake, kamati na rangi yao, karani na mhuri wake. Nimemlaumu hata Bwana Rajabu kwa kuja siku moja kabla, mpaka nilipofikiri angekuja kesho tungekuwa wapi, nikaacha.

Kuna kitu kimoja sikiwezi. Kama sikujua ni kosa, kwa nini kila mgeni alipokuja nilisema litolewe? Kinyesi cha ng'ombe hatukukificha, tulikipaka upya. Mapazia hatukuyaficha. Ni jiwe peke yake.

Nilijua. Sikujua ni hatari kiasi gani, lakini nilijua ni kitu cha kufichwa, na nikamlaza mwanangu nyuma yake.

Ayuma analala sasa, mtoto kifuani. Hajaambiwa kwa nini tulimtoa. Alipoamka kidogo aliniuliza lini atarudishwa kwenye kitanda chake cha ukutani, nikamwambia kina kunguni.

Nitamwambia kesho, akishakunywa uji. Afadhali anikasirikie akiwa ameshiba.

Senje amerudisha jiwe jikoni. Nimesikia likigonga kifuniko cha chungu. Mahenjera yanaanza upya, na kesho tutakula yakiwa yameiva kweli kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Maji ya kuoga nitayabeba mimi. Landrova ikirudi siku yoyote, hata kabla ya barua yake, itukute tulivyo.

Nimeondoa sahani. Fomu hizi bado zinanichukiza, nasema wazi. Swali la nne na la sita ni swali moja limevaa nguo mbili. Nafasi ya jibu la tisa ni fupi, haitoshi maelezo, na pengine ni bora hivyo, maana maelezo ninayo mengi.

Swali la tisa, nakala ya kwanza: Rebeka Muhonja, mkunga.

Nakala ya pili: Rebeka Muhonja, mkunga.

Nakala ya tatu: Rebeka Muhonja, mkunga.

Karani asije akasema hazifanani.